Kinanda Kilichopigwa na Umeme Usio Wake: Namna ya Kukipima na Kukifufua

Kinanda kikichomekwa adapta isiyo yake, vinavyoungua kwanza huwa karibu na mlango: tundu la adapta, fyuzi, dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu), kapasita ya kwanza (hutunza chaji), regyuleta (hushusha volti na kuzishikilia). Prosesa na kumbukumbu za sauti zimekaa ndani zaidi, nyuma ya hivyo vyote. Ndiyo maana vinanda vingi vilivyotupwa stoo za makanisa kwa hukumu ya "bodi imekufa" bado vinatengenezeka, tena kwa kipuri ambacho bei yake haifiki hata nauli ya kukifuata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi. Kinachotakiwa ni kuufuata umeme kuanzia unapoingia, kupima kabla ya kuwasha, na kutoruka kituo hata kimoja.

Hapa nitazungumzia zaidi vinanda vya adapta ya nje, yaani Yamaha za PSR na Casio za CTK, kwa kuwa ndivyo vimejaa kwenye kwaya, shule na bendi ndogo. Vile vyenye pawa saplai ndani, hasa vilivyotoka Japani na Marekani, nimevitengea sehemu yake huko chini, maana ndani yake kuna umeme unaoua.

Unahitaji mita ya dijitali yenye mlio, bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu, chuma cha kulehemia cha wati 40 hivi, risasi, kinyonya risasi, spiriti na balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 wati 21, pamoja na holda yake. Balbu hiyo usiidharau. Ndiyo itakayokilinda kinanda wakati wa kukiwasha.

Kiache kizimwe

Mtu akishakosea adapta, kinachofuata huwa ni kilekile: anatafuta adapta nyingine, anachomeka, kimya, anatafuta ya tatu. Kila jaribio linasukuma umeme kwenye kipande chenye shoti, na hasara inasogea kutoka mlangoni kwenda ndani. Chomoa, toa na betri, kiweke mezani.

Kisha uliza maswali. "Mwalimu, ulichomeka ipi?" Akikujibu, "Hii hapa ya laptopu, fundi, plagi iliingia vizuri tu," umeshaokoa saa nzima ya kupima. Uliza kama taa iliwaka hata kidogo, kama kulisikika mlio, na kama kulitoka harufu. Kapasita ikipasuka hutoa harufu kali kama ya samaki aliyelala, na haichanganyiki na ya plastiki iliyoungua. Uliza pia nani ameshakifungua. Kinanda kilichokwisha kupita kwa fundi mwingine kina makosa mawili: la umeme na la mkono.

Ni umeme gani ulioingia?

Swali hili linaamua nusu ya kazi. Soma kibandiko cha chini ya kinanda au maandishi yaliyo kando ya tundu la DC IN, halafu soma ya adapta iliyotumika. Tazama mambo matatu: volti, aina ya umeme (DC usiogeuka nguzo, au AC unaogeuka), na pini ya kati. Mchoro wa duara lenye kitone katikati ndio unaosema kama kati ni chanya au hasi.

Yamaha nyingi ndogo hutumia volti 12 za DC, kati chanya. Adapta zake ni kama PA-130 na PA-150. Zile kubwa kidogo hutumia PA-300, ambayo ni ya volti 16 na ampea 2.4. Casio za zamani zilizotumia AD-5 zinataka volti 9, tena kati hasi. Hapo ndipo ajali nyingi za kanisani zinapotokea: kwaya ina Yamaha na Casio ya zamani, adapta zote nyeusi, plagi zinaingiana, na Jumapili asubuhi hakuna anayesoma. Casio inapata volti zilizozidi na kwa wakati huohuo nguzo zimegeuzwa.

Sasa angalia kila kosa linavyoua.

Nguzo zikigeuzwa, matokeo yanategemea dayodi ya ulinzi. Ikiwa imefungwa kwa mfululizo kwenye njia ya chanya, umeme haupiti, kinanda hakiwaki, na hakuna kilichoharibika. Ikiwa imefungwa sambamba, kutoka chanya kwenda grandi, yaani njia ya hasi, itapitisha mkondo wote, fyuzi itakatika, na dayodi yenyewe mara nyingi itabaki na shoti. Hilo ni kosa rahisi kulitengeneza. Kinanda kisicho na dayodi kabisa ndicho kinachoumia, kwa sababu aisi, vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi, zinapokea umeme kinyume.

Volti zikizidi kidogo, mfano 16 kwenye kinanda cha 12, mara nyingi kinapona au kinachemka tu. Zikifika 19 za chaja ya laptopu hali ni nyingine. Kapasita zilizoandikwa 16V zinavimba, aisi ya amplifaya inavuka kikomo chake, na regyuleta inabeba joto isilozoea. Chukua regyuleta ya 7805 inayolisha mkondo wa ampea 0.4: kwa volti 12 inatupa wati 2.8 za joto, kwa volti 19 inatupa wati 5.6. Haifi kwa volti, maana inavumilia mpaka 35 kwenye mlango wake. Inachoka kwa joto. Zile ndogo za AMS1117 hazina uvumilivu huo, kikomo chao ni volti 15.

Adapta inayotoa AC ndiyo mbaya kuliko zote. Zipo, hasa za mikisa na vifaa vya efekti, na zimeandikwa AC au alama ya wimbi upande wa OUTPUT. Volti 12 za AC zinapanda hadi karibu 17 kileleni na kugeuka nguzo mara 100 kwa sekunde. Kinanda kinapata makosa yote mawili kwa mpigo.

Kinyume chake, volti pungufu haziui. Yamaha ya 12 ukiipa 9, au ukiipa 12 yenye ampea ndogo, itawaka, na ukipandisha sauti ukapiga besi itajizima na kujiwasha. Watu huleta kinanda cha namna hiyo wakidhani kimeungua. Kipe adapta yenye ampea za kutosha na kazi imeisha. Ampea zikizidi zile zilizoandikwa hazina neno, kinanda huchukua kiasi chake tu.

Solaa nayo ina mtego wake. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4, na wapo waliounganisha betri mbili za gari kubwa wakapata 24 bila kujua. Nyaya za mkononi zisizo na plagi maalumu pia hugeuzwa kwa urahisi gizani.

Kabla ya kushika bisibisi

Pima adapta sahihi kwanza. Ikiwa ni ya kisasa, nyepesi, itasoma karibu kabisa na kilichoandikwa. Ile ya zamani, nzito, yenye transfoma ndani, husoma 15 mpaka 17 bila mzigo hata kama imeandikwa 12. Hiyo ni kawaida yake. Tikisa waya mlangoni mwa plagi huku unapima, maana huenda tatizo lote ni waya uliokatika ndani ya mpira.

Kisha jaribu betri, kama kinanda kina nafasi yake. Vingi vinachukua sita. Weka betri mpya huku plagi ya adapta ikiwa imetolewa, kwa sababu kwenye vinanda vingi tundu lina swichi ndani inayokata betri plagi ikiingia. Washa kwa sekunde chache, shika betri: zikianza kupata joto huku skrini giza, zitoe haraka, kuna shoti. Kikiwaka vizuri kwa betri na kugoma kwa adapta, shangilia. Prosesa ni mzima, amplifaya ni mzima, na kosa liko kati ya tundu na mahali njia mbili zinapokutana, sehemu ambayo mara nyingi haina vipande zaidi ya vinne.

Kufungua

Laza kinanda kifudifudi juu ya blanketi. Chora umbo lake kwenye katoni na kila skrubu unayotoa ichomeke kwenye katoni mahali pake, kwa kuwa urefu hautofautiani bure. Skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa bodi ya vitufe. Usivute mfuniko kwa nguvu. Nyaya za spika na ribuni za paneli huwa zimeunganisha nusu mbili, na ribuni ikichanika utakuwa na kinanda chenye umeme mzima na vitufe vilivyokufa. Piga picha za simu kabla ya kuchomoa chochote.

Bodi ya tundu huwa ndogo, pembeni. Bodi kubwa ndiyo yenye prosesa na mara nyingi amplifaya, ambayo utaitambua kwa bati lake la kupozea.

Macho na pua

Chukua tochi, uimulike bodi kwa ubavu, siyo kutoka juu. Mwanga wa ubavu unaonyesha kapasita iliyovimba kichwa hata kwa unywele. Tafuta maji ya kahawia chini ya kapasita, bodi iliyogeuka rangi kuzunguka regyuleta, na dayodi yenye ufa. Dayodi ndogo bapa ikiungua huwa na kitobo cheusi kama cha ncha ya sindano katikati, na unaweza kuipita mara tatu usiione. Aisi nayo ikipasuka huacha kijishimo juu ya maandishi yake. Nusa pia, sehemu iliyoungua hutunza harufu kwa wiki.

Ukiona kilichoungua, usikimbilie kukibadilisha peke yake. Kinaweza kuwa kimeuawa na kingine kilichoko mbele yake.

Kupima kabla ya kuwasha

Hapa ndipo pa kutumia muda. Adapta imetoka, betri zimetoka. Weka mita kwenye omu, waya mweusi kwenye grandi, ambayo ni upande wa hasi wa kapasita kubwa au bati la kinga. Ule mwekundu utatembea nao.

Anza na tundu. Weka mita kwenye mlio, pima kutoka pini ya kati hadi mahali inapolehemewa kwenye bodi, lazima ilie. Plagi iliyolazimishwa hukunja ulimi wa ndani, na risasi ya tundu hupata ufa wa mviringo usioonekana bila kukaza macho. Kwa vinanda vya kanisani, ambavyo waya wake hukanyagwa kila ibada, ufa huo hupatikana hata pale ambapo kesi iliyoletwa ni ya adapta.

Fyuzi inafuata. Huenda ni ya kioo, huenda ni kipande kidogo bapa kilichoandikwa F1, na huenda ni koili ndogo ya feraiti iliyokatika. Ikilia ni nzima. Isipolia imekatika, lakini usiibadilishe bado. Ilikatika kwa sababu.

Dayodi ya ulinzi: weka mita kwenye alama ya dayodi. Nzima inasoma 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja, au 0.2 mpaka 0.4 kama ni ya Schottky, na upande wa pili haisomi. Ikilia pande zote, nyanyua mguu mmoja utoke kwenye bodi upime tena, kwani shoti ya kipande kingine inaweza kukudanganya.

Sasa njia kuu ya umeme. Rudisha mita kwenye omu, weka waya mwekundu kwenye chanya ya kapasita kubwa. Kinanda kizima huanza na namba ndogo kisha inapanda taratibu, kapasita inajichaji kutoka kwenye mita. Ikibaki chini ya omu mbili bila kusogea, kuna shoti. Ili ujue iko wapi, gawa njia. Umeme kutoka hapo huenda sehemu mbili: kwa amplifaya moja kwa moja, na kwa regyuleta inayoulisha upande wa dijitali. Nyanyua koili au jampa (kipande cha waya cha kuunganishia) inayolisha amplifaya upime tena. Shoti ikiondoka, aliyekufa ni amplifaya. Ikibaki, nenda mlango wa regyuleta au transista ya kuwashia. Vinanda vinavyowaka kwa kitufe cha kubonyeza huwa na transista inayopitisha umeme mkuu, na hiyo hufa mara nyingi tu.

Mwisho pima utokeo wa regyuleta. Volti 5 mara nyingi husoma omu mia kadhaa. Volti 3.3 zinaweza kusoma makumi ya omu na bado ni nzima, kwa sababu prosesa yenyewe inavuta. Usiogope 40, ogopa 0.5.

Ukikuta hiyo 0.5 kwenye njia ya dijitali, bado usikate tamaa. Chukua betri kubwa ya tochi ya volti 1.5, lehemu nyaya mbili fupi, chanya kwenye njia yenye shoti na hasi kwenye grandi. Volti 1.5 haziwezi kuua aisi ya 3.3, ila shoti itavuta mkondo na kupata joto. Pakaza spiriti kwa brashi eneo zima, gusisha betri kwa sekunde chache, tazama. Mahali spiriti inapokauka kwanza ndipo penye shoti. Ikikauka juu ya kakapasita kadogo ka kahawia, kang'oe na shoti itaondoka. Ikikauka katikati ya prosesa, umepata jibu ambalo hukulitaka.

Kubadilisha vipande

Fyuzi irudishe kwa thamani ileile. Nyuzi moja ya waya wa shaba badala ya fyuzi ndiyo imegeuza vinanda vingi vya dayodi ya shilingi mia kuwa vinanda vya bodi nzima.

Dayodi ya 1N4007 hubeba ampea 1 tu. Kwa kinanda cha ampea 1.5 au zaidi weka 1N5408, au SS34 ikiwa nafasi ni ya kipande bapa. Mstari kwenye dayodi ni upande wa kathodi na lazima uelekee ulikoelekea wa zamani. Kapasita za 16V badilisha na za 25V zenye mikrofaradi zilezile, ukihakikisha urefu wake hautazuia mfuniko kufunga. Mstari wa pembeni ya kapasita ni hasi. Hizi mbili, mstari wa dayodi na wa kapasita, ndizo zinazokosewa na wanaojifunza.

Regyuleta ya 7805, ukiitazama maandishi yakiwa usoni kwako, kushoto ni mlango, kati ni grandi, kulia ni utokeo. AMS1117 haifuati mpangilio huo: kushoto ni grandi, kati na lile bawa kubwa ni utokeo, kulia ni mlango. Ukiweka kipuri cha aina nyingine kwa kuwa kinafanana umbo, tafuta kwanza mpangilio wa miguu yake.

Kama regyuleta imeungua na huna hakika kama upande wa dijitali umepona, kuna kipimo kizuri sana. Ing'oe. Ikiwa ni ya volti 5, chukua chaja ya kawaida ya simu, kata waya, peleka volti 5 kwenye tundu la utokeo wa regyuleta na hasi kwenye grandi. Skrini ikiwaka na maandishi yakatokea, prosesa ni mzima na unanunua regyuleta kwa amani. Usifanye hivyo kwenye njia ya 3.3, utakuwa umeiua wewe.

Kuwasha kwa balbu

Unganisha ile balbu ya indiketa kwa mfululizo kwenye waya chanya wa adapta sahihi, sauti ya kinanda ikiwa chini kabisa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti bado, na balbu imeubeba mkondo badala ya bodi. Ikimulika kidogo ikafifia au isipowaka kabisa huku skrini ikipata mwanga, uko salama. Pima utokeo wa regyuleta: kwa 5 kubali 4.8 hadi 5.2. Ndipo uondoe balbu.

Kikiwaka kikiwa na maandishi ya ajabu, sauti zilizovurugika au kikigoma kupita nembo ya mwanzo, huenda kumbukumbu yake imechanganyikiwa tu. Kwenye Yamaha nyingi za PSR shikilia kitufe cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha. Mipangilio inarudi ya kiwandani. Ukishikilia pamoja nacho vyeusi vitatu vya mwisho, unafuta pia nyimbo na mitindo iliyopakiwa kutoka kwenye kompyuta. Muulize mwenyewe kwanza. Mpiga kinanda aliyehangaika kukusanya mitindo ya sebene hatakuelewa ukimrudishia kinanda kizima kisicho na hata mmoja.

Baada ya hapo kipige kwa saa moja, sauti juu, kabla ya kufunga skrubu zote. Gusa regyuleta na bati la amplifaya kila baada ya muda. Vuguvugu ni sawa. Kisichovumilika kwa kidole, rudi kwenye vipimo.

Kinawaka ila hakitoi sauti

Amplifaya hulishwa umeme mkuu bila regyuleta mbele yake, kwa hiyo volti zikizidi huwa wa kwanza kuumia. Soma namba ya aisi, tafuta ileile. Za kutolewa kwenye vinanda vingine mara nyingi ni bora kuliko za dukani zilizopigwa chapa upya.

Lakini fikiria kwanza kinanda kinatumikaje. Kikubwa chenye matundu ya LINE OUT huwa kinatoa sauti hiyo kabla ya amplifaya, na kama kanisani kinaingia kwenye mikisa kila siku, kata umeme wa amplifaya, kiache bila spika, kirudi madhabahuni wiki hiyohiyo. Kwa vidogo vyenye tundu moja la PHONES/OUTPUT ujanja huo mara nyingi haufanyi kazi, kwa kuwa hapo sauti hutokea kwa amplifaya yenyewe.

Prosesa ikifa, acha. Haiuzwi ikiwa na programu yake, na hata ikipatikana, kuing'oa na kuirudisha kunahitaji vifaa visivyo vya mezani. Tafuta kinanda cha modeli ileile kilichovunjika vitufe au skrini, uchukue bodi yake. Modeli ileile kabisa, siyo inayofanana.

Vinanda vya volti 100 na 120

Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, Marekani 120. Kwetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Kinanda cha mtumba kilichoshuka kwenye kontena, au alichotuma ndugu, chenye waya unaoingia moja kwa moja ukutani, kikichomekwa bila kusomwa hudumu sekunde chache.

Ikiwa ndani kuna transfoma nzito, pima omu kwenye pini mbili za plagi, kikiwa kimechomolewa lakini swichi yake ikiwa imewashwa. Isiposoma chochote na fyuzi ni nzima, uwezekano mkubwa ni fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa transfoma. Inabadilishwa kwa nyingine ya nyuzi joto zilezile; usiiunganishe kwa waya, kwa sababu ndiyo inayozuia moto. Transfoma yenye harufu ya vanishi iliyoungua usihangaike nayo, weka ya 230 yenye volti zilezile za utokeo. Kabla ya kununua, angalia: baadhi zina nyaya za ziada au swichi ya nyuma ya kuchagua 110 au 220, na huenda mtengenezaji alishakufikiria.

Ikiwa ni pawa saplai nyepesi ya kisasa ya 120 tu, utakuta kapasita kubwa iliyoandikwa 200V imepasuka. Umeme wa 230 ukigeuzwa DC hupanda hadi 325, haikuwa na ubavu. Kabla ya kugusa chochote humo, chomoa waya na uitoe kapasita umeme kwa kugusisha nyaya za balbu ya wati 60 kwenye miguu yake, kisha pima uhakikishe iko chini ya volti 5. Chaji hiyo hubaki hata baada ya kuchomoa. Kazi hii si ya mtu wa mara ya kwanza, na si ya kufanya peke yako usiku.

Badilisha fyuzi, varista (kipande kinachozuia volti zinazoruka), dayodi za mwanzo na kapasita, kisha ujaribu kwa balbu ya wati 60 ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo. Usijaribu kuigeuza iwe ya 230 kwa kuweka kapasita ya 400V peke yake. Transista yake ya kukatakata haikuchaguliwa kwa volti hizo. Mpe mwenyewe stepu-dauni, yaani transfoma ya nje ya kushusha volti, yenye wati za kutosha. Cha Japani kinataka utokeo wa 100, na nyingi za madukani hutoa 110 au zaidi, basi uliza na upime kabla ya kulipa.

Kabla hujamrudishia mwenyewe

Andika volti na alama ya pini kwa rangi nyeupe kando ya tundu, na uifunge adapta kwa kamba kwenye begi la kinanda. Ukitaka ulinzi wa kweli kwa kinanda cha volti 12, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye chanya mara tu baada ya tundu, na baada yake dayodi ya P6KE15A kati ya chanya na grandi, mstari ukielekea chanya. Volti zikipita 15 hivi, au nguzo zikigeuzwa, dayodi inavuta mkondo na fyuzi inakatika. Ulinzi huu unafaa kwa adapta ya kisasa pekee. Ile ya transfoma inayosoma 16 bila mzigo itakata fyuzi au kuichemsha dayodi, na kinanda cha solaa kitafute kigeuzi kinachoshikilia 12 kabla ya kufika kwenye tundu.